Nembo za Bibi, Masikio ya Nuru

Jumanne, 1 Julai

Samahani kwa ukimya wote huu. Sijui namwomba nani, maana daftari hili nalisoma mwenyewe. Mstari wa mwisho niliuandika nikiwa na mimba: "Miguu imevimba. Mtoto anapiga mateke." Huyo mtoto sasa ana miezi mitano, yuko mgongoni kwangu, ananitafuna kola. Anaitwa Nuru. Sikuwa na nafasi ya kuandika. Au nafasi ilikuwepo nikalala.

Leo kama jana. Kunyonyesha, kufua nepi, kumpikia Mama uji. Mama ni mama mkwe wangu, tunaishi kwake hapa Ilala. Hamisi, mume wangu, kaondoka mapema na begi lake la vifaa. Ni fundi friji. Kisha mimi na Nuru tukaenda Kariakoo, dukani kwa Mama Hetal, bosi wangu. Yeye ni Mhindi, na asubuhi akishawasha ubani wake wa dini ndipo tunafungua. Zipu, vifungo, lesi, nyuzi. Nuru analala kwenye boksi la lesi chini ya kaunta. Mama Hetal ana sauti ya kufukuzia wezi, ila akiinamia lile boksi anaongea kama kifaranga.

Mteja mmoja kachungulia. "Kadume kazuri haka. Kanaitwa nani?" Nikasema Nuru. Akasema jina zuri la kiume. Nikamwacha. Nimechoka kusahihisha watu.

Kosa langu ni kumsimulia Mama jioni. Akaweka kijiko chini.

"Si nilisema? Mtoto wa kike masikio matupu. Basi tumwite Juma, yaishe."

Harusi ya wifi yangu Mwanahawa ni tarehe 26. Mama anataka Nuru atobolewe masikio kabla ya hapo. Hereni zipo, za dhahabu, alizinunua tumbo langu likiwa bado halijaonekana. Anazitoa, anazipangusa, anazirudisha kwenye pamba.

Nimesema hapana. Sitaki. Sikio langu moja linatosha nyumba nzima.

Jumatano, 2 Julai

Niandike kuhusu hilo sikio. Sijawahi.

Nilitobolewa nikiwa msichana, kule kwetu Newala. Tundu likapona vizuri. Baadaye nyuma ya sikio la kulia kovu lake likaanza kukua. Kwanza kama punje ya mtama. Sasa ni kama korosho, ngumu, inang'aa, inawasha hadi napiga kofi. Nikiwa sekondari walinikata kwenye zahanati moja. Likarudi, kubwa kuliko la kwanza. Hospitali wanaliita keloidi. Kovu lisilojua kuacha.

Navaa mtandio kila siku, nalifunika. Hamisi peke yake ndiye anaruhusiwa kulitania. "Korosho yangu imeamkaje?" Mwingine akisema hivyo namrukia.

Mama anajua lipo. Ana maelezo yake. Ni hereni feki nilizovaa, bati. Mjukuu wake atavaa dhahabu, atatobolewa kwa sindano na uzi, angali mbichi. Hapo hapavimbi kitu. Ananiambia hivyo kwa upole, huku ananimenyea chungwa. Upole huo ndio unaonimaliza. Angekuwa mkali ningempa jibu.

Na jibu lenyewe sina. Mimi ni kidato cha nne. Najua tu kwamba naogopa.

Jumanne, 8 Julai

Kliniki ya ngozi. Nimeshachomwa sindano za ndani ya kovu miezi kadhaa, zinauma kama nge. Limelainika. Sasa wanataka kulikata kisha waendelee na sindano, ili lisirudi. Ijumaa ya wiki ijayo.

Kwenye benchi nilikaa na dada mmoja ambaye ngozi ya mikono imekakamaa. Vidole havikunji. Uso nao umevutika, akicheka mdomo haufunguki sana. Lakini anacheka. Kamwangalia Nuru akasema, "Mlete nimshike, ila ukiniona namwangusha umdake." Ugonjwa mwingine huo, ndani ya ngozi yenyewe, hakuna tundu wala kidonda. Nilimpa Nuru. Hakumwangusha.

Leo alikuwepo daktari mpya, wa utafiti. Dokta Eliza. Mdogo, labda tunalingana. Ndiye aliyenieleza, na nataka kuandika kabla sijasahau.

Akasema anatafuta vijumbe.

Nikashtuka. Kwetu sokoni kijumbe ni yule anayekusanya hela za mchezo, zile tunazochanga na kupeana kwa zamu, wetu ni Mama Rama wa mashuka. Nikamwambia dokta, mimi mchezo wangu nimeshatoa. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema basi tumtumie huyo huyo Mama Rama.

Nilivyoelewa: Kila punje ya mwili, yeye anaiita seli, ina kitabu cha maagizo. Kitabu hakitoki ndani. Anatoka mjumbe na nakala, anapeleka kwa mafundi: jengeni kitu fulani. Ukijikata, wajumbe wanapeleka agizo la kujenga kamba za ngozi, zinaziba kidonda. Vizuri. Sasa kuna na vijumbe, vidogo mno. Havibebi agizo lolote la kujenga. Kazi yao ni kumshika mjumbe njiani na kumwambia, rudi, inatosha. Ngozi ya kawaida inaacha. Kwenye kovu kama langu, kijumbe mmoja wa kusema inatosha amepungua. Na mwingine amezidi, huyo ni mkorofi, anamziba mdomo mtu mwingine ambaye naye alikuwa anasema basi. Mafundi hawaambiwi kitu, wanajenga tu. Na kwa yule dada wa mikono wanaona vurugu inayofanana, ngozi inajengwa pasipoitwa.

Akaomba kipande watakachonikatia. Akasema bado wanatafuta, mtu asinidanganye kuwa dawa imepatikana.

Akauliza maswali mengi. Kwenu kuna mwingine mwenye makovu yaliyovimba? Nikasema hakuna. Mama mzazi hana, dada hana.

Nami nikauliza langu moja tu. Mmchukue Nuru tone la damu, mtazame hivyo vijumbe, mniambie kama atakuwa kama mimi.

Akasema hawezi. Hakuna anayeweza kwa sasa.

Nilimchukia kidogo. Nikiwa napita Mnazi Mmoja narudi dukani chuki ikaisha. Angeweza kunidanganya nisijue.

Jumamosi, 12 Julai

Nikamweleza Mama habari za vijumbe. Nilijiandaa vizuri, nikatumia Mama Rama.

"Kwa hiyo ndani ya sikio lako kuna watu wanacheza mchezo."

"Sio watu, Mama."

"Na huyo dokta kasema Nuru atavimba?"

"Kasema haijulikani."

"Haya. Yeye hajui, mimi najua. Nimezaa watoto watano, mabinti watatu, wote nimewatoboa. Kwenu nako umesema hakuna mwenye hayo. Sasa Nuru ayatoe wapi?"

Tulimtazama Hamisi. Alikuwa anakula. Akasema, "Mimi hapo friji bovu ni lipi?" Akachukua sahani yake akaenda kula uani.

Nina hasira na wote wawili. Kwa Hamisi zimeisha, alirudi kuosha vyombo.

Ila Mama kanikamata kwa neno langu mwenyewe. Kwetu hakuna.

Jumanne, 15 Julai

Niliitwa kliniki kupimwa damu kabla ya kukatwa. Dokta Eliza alikuwa anajaza karatasi zake za utafiti. Nuru yuko mapajani, kaingiza mkono chini ya mtandio wangu, anachezea korosho. Anapenda kufanya hivyo akiwa na usingizi.

Nikasema tu, kupoteza muda, kwamba na mimi nilikuwa hivyo hivyo kwa bibi yangu. Nilikuwa silali mpaka nipapase tumbo lake. Ana nembo. Mistari, pembe, kama mkeka, imenyanyuka yote, ukipitisha kidole unaihesabu gizani.

Dokta akaacha kuandika.

"Zimenyanyuka kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Kama uzi mnene wa sweta. Nyingine kama kamba.

"Lakini nilikuuliza kama kwenu kuna mwenye makovu yaliyovimba."

Nikamwambia, hayo sio makovu. Ni nembo.

Tukatazamana. Nikasikia uso unapata moto.

Sikumdanganya. Naapa. Kwetu kovu ni la kuungua, la kuanguka, la panga. Kovu ni bahati mbaya. Nembo ni pambo, bibi alichanjwa akiwa msichana kwa kisu kidogo akapakwa unga wa mkaa, na wenzake wakaja kumsifia. Hata siku moja sijawahi kuwaza kuwa tumbo la bibi na sikio langu ni kitu kimoja.

Dokta hakunicheka. Akasema nembo kunyanyuka sio lazima iwe ugonjwa, mkaa na kuchanja mara kwa mara vinaweza kunyanyua ngozi ya mtu yeyote. Akauliza, wenzake waliochanjwa naye zilinyanyuka vilevile?

Sijui. Kesho napiga simu.

Jumatano, 16 Julai

Nilipiga nikiwa dukani, mchana, wateja wachache. Mama mzazi akamwekea bibi simu sikioni. Bibi anaamini simu inataka kelele.

Nilipouliza habari za nembo alifurahi kama nimemposa. Akasema zake zilikuwa hazina mfano. Akasema babu aliziona kwa mara ya kwanza akasahau alichotaka kusema. Mama mzazi akasikika nyuma, "Mama jamani, anauliza mjukuu."

Na wenzako je?

Akasema mdogo wake, Asumini, walichanjwa siku moja. Fundi yule yule. Kisu kile kile. Mkaa wa chungu kimoja. Za bibi zikanyanyuka. Za Asumini zikabaki bapa, weusi tu chini ya ngozi. Akarudiwa, zikabaki bapa. Watu wakamsema kuwa hakuvumilia, kwamba alijipangusa mkaa kwa siri. Alilia msimu mzima. Na mama yao naye, zake zilinyanyuka.

Kisha akauliza, kwani wewe zimekunyanyuka wapi?

Nikasema sikioni.

Akasema, "Basi wewe ni wangu."

Nikakata simu nikalia nyuma ya marobota ya lesi. Sijui nililia nini hasa. Miaka yote hii nafunika kwa mtandio kitu ambacho yeye anakisifu kwa kelele. Mama Hetal akaja, akamchukua Nuru akaniletea chai.

Jioni nikamwambia Mama yote. Kisu kimoja, mkaa mmoja, mmoja akavimba mmoja asivimbe. Kwa hiyo sio bati, Mama. Wala sio sindano. Kitu kiko ndani yetu na Nuru anaweza kuwa nacho.

Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua.

"Hayo ni ya kwenu, ya Kimakonde."

Basi.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika Nuru akiwa mapajani.

Asubuhi nilimwachia Mama mtoto na maziwa niliyokamua. Nikaenda kukatwa. Ganzi, halafu nikasikia tu kuvutwavutwa. Dokta Eliza alisimama pembeni na kichupa chenye maji yake maalum, glavu mkononi. Mara tu kipande kilipotoka akakitumbukiza. Akasema vijumbe vinaharibika haraka, hata jasho la kidole linavimaliza. Nikakiona. Kidogo, cheupe ndani. Ndicho kilichonitesa hivyo. Nikachomwa sindano, nikafungwa bandeji, nikaambiwa nipumzike.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Kitanda cha Nuru kitupu. Nikaangalia kwenye kabati la Mama. Ile pamba ya hereni ipo wazi, tupu.

Nilijua alipo. Mtaa wa pili kuna nesi mstaafu anayetoboa watoto barazani kwake. Nilikimbia. Na bandeji, bila mtandio. Watu wananiangalia, mimi siwaoni.

Mama amekaa kwenye benchi, Nuru mapajani, kavalishwa gauni jipya. Kwenye kila sikio kuna nukta ya kalamu ya bluu. Sindano iko kwenye spiriti. Nuru ananiona, anacheka.

Nilisema, "Shikamoo, Mama."

Akasema, "Marahaba." Ilimtoka yenyewe.

"Naomba mtoto."

"Dakika moja tu, mwanangu, hata hatasikia."

"Hatobolewi, Mama. Sio leo, sio kwa harusi. Mimi ndiye nimemzaa. Naomba mtoto."

Sijawahi kumwambia hivyo. Sauti yangu ilikuwa ya chini, mimi mwenyewe iliniogopesha. Nesi akashusha mikono yake. "Haya, Bi Sauda, mkwe wako leo kapata mdomo." Watu wawili watatu barazani wakacheka. Mama hakucheka. Alinipa Nuru bila kunitazama.

Nimesugua zile nukta kwa sabuni. Hazitoki. Bandeji imelowa damu kwa kukimbia.

Jumapili, 20 Julai

Mama hasemi na mimi. Anasema na mimi kupitia Nuru.

"Nuru, mwambie mama yako chai iko mezani." "Nuru, muulize mama yako kama hizo nepi zinajianua zenyewe."

Nuru anamjibu kwa mate.

Hamisi nimemwambia asikimbilie friji lolote, aseme. Akasema. Alimwambia mama yake mbele yangu kwamba mtoto hatobolewi na maneno yameisha. Kisha akatoka nje akavuta pumzi kama mtu aliyebeba mtungi. Nampenda huyu mwanaume.

Na Mama nampenda. Hilo ndilo gumu. Wakati wa kujifungua alinikanda kwa maji ya moto kila siku, hakuniacha nishike hata ufagio. Nimemwaibisha barazani kwa watu. Nina hasira na ninamwonea huruma, vyote kwa pamoja. Lakini ningerudi leo ningefanya vilevile.

Tatizo la leo ni bandeji. Kidonda kiko nyuma, sikioni. Hamisi akajaribu, mikono yake ya spana, nikapiga kelele. Mama akatoka chumbani. Akamsukuma Hamisi kwa nyonga. Akanawa. Akafungua bandeji polepole, akalowesha pale ilipogandia, akapuliza.

Alikaa muda mrefu akiangalia. Hajawahi kukaribia hapo hivyo. Zamani alikuwa anaona kwa mbali, juu juu. Akagusa kwa chini, kwenye kovu la zamani, pale nilipokatwa nikiwa shule.

"Nuru, mwambie mama yako asitikise kichwa."

Sikutikisa.

Jumanne, 22 Julai

Nimerudi kutoka dukani nimekuta Mama yuko uani, simu sikioni, anapiga kelele kama yuko mnadani. Nikadhani ni mambo ya harusi. Kumbe ni bibi yangu. Alimwomba Hamisi namba ya Newala.

Nilikaa nyuma ya mlango. Nilisikia upande mmoja tu.

"Kisu kile kile? ... Wewe umekiona kwa macho yako? ... Na mkaa? ... Sasa mdogo wako alipakwa na nani? ... Ah. Yule yule. ... Eti? ... Mzee wewe, hebu niheshimu, mimi ni mama wa watu." Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasikiliza. "Masikini. Msimu mzima?... Masikini Asumini."

Nilitoka nikaenda kuanua nepi ambazo nilikuwa nimeshazianua.

Baadaye akaja jikoni. Akasema na mimi mwenyewe, bila Nuru.

"Bibi yako anasema niende Newala anifunulie tumbo. Hana haya yule."

Nikasema ndivyo alivyo.

Akachukua mwiko, akakoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Yule mdogo mtu alionewa bure. Hakupangusa kitu. Ngozi yake tu."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe hukuvaa bati."

Nilishika sufuria.

"Basi. Akikua ataamua mwenyewe, na huyo dokta wako labda atakuwa ameshajua. Lakini nakuambia, harusini mtu akimwita mjukuu wangu Juma, nitakulaumu wewe."

Nilimbusu mkono. Akasema nimemmwagia maji ya sufuria.

Ijumaa, 25 Julai

Kesho harusi. Nyumba imejaa wageni. Nimepika, nimebeba, nimekaa saa nzima napigwa hina. Kichwa kinauma, kidonda hakiumi.

Mama alikuja dukani leo, mwenyewe kwa miguu. Yeye na Mama Hetal wakafungua mabunda yote ya lesi, wakabishana kama wanagombania kiwanja. Mama anataka ya waridi, Mama Hetal anasema waridi itafifia, achukue nyekundu, kwao mtoto wa sherehe anavaa nyekundu. Waridi ikashinda. Mama Hetal akaipima kwenye kichwa cha Nuru akakataa kulipwa.

Jioni Mama kashona utepe wa kichwa. Hereni mbili za dhahabu zimening'inizwa kwenye lesi, moja kila upande, zinaangukia sawasawa na ndewe za masikio. Kazifunga kwa mafundo mengi, akavuta kila moja kwa meno kuona kama itatoka mtoto akaimeza. Hazitoki.

Jumapili, 27 Julai

Nimelala mpaka jua limetoka. Sikumbuki mara ya mwisho.

Mwanahawa alipendeza. Mama alilia kwa heshima, bila kuharibu wanja. Nuru alibebwa na kila mtu, alirudi kwangu ananuka manukato ya watu kumi. Hakuna aliyemwita Juma.

Mama mmoja wa upande wa bwana harusi akasogeza ule utepe, akachungulia. "Mbona binti hajatobolewa? Mmemning'inizia tu?"

Nilikuwa nyuma na sinia la pilau. Nikasimama. Nikajiandaa kueleza, wajumbe, vijumbe, kisu, mkaa, kila kitu.

Mama akarudisha utepe mahali pake.

"Kwa mama yake hao ni watu wa nembo," akasema. "Ngozi yao haichezewi."

Yule mama akasema aa, kama vile siku zote alikuwa anajua. Wakaendelea kula.

Mimi nikaenda na sinia langu. Hata uzito wake sikuusikia.

Jumapili, 3 Agosti

Mvua ndogo asubuhi. Nuru kalala. Hamisi anatengeneza feni ya jirani.

Kidonda kimekauka. Dokta Eliza kasema bado sindano zinaendelea, na kovu linaweza kurudi, nisijipe uhakika. Kipande kiko kwenye friji lao la baridi kali. Majibu yake sio ya kesho wala ya mwakani. Hilo halinisumbui. Juzi nilienda dukani na mtandio mabegani. Mama Hetal akaniona, akanipa boksi la vifungo nipange.

Dokta ameomba habari za ukoo, kwa wale watakaokubali tu, asilazimishwe mtu. Bibi kashakubali, anauliza kwanza picha atapigwa lini. Kesho nampigia mama mzazi, na mzigo utakuja na basi. Niandike hapa nisisahau kumwambia cha kutuma.

Nani kwenye ukoo zilinyanyuka na nani zilibaki bapa, wanaume pia, walio hai na waliotangulia, kadiri bibi anavyokumbuka. Kila mmoja alichanjwa sehemu gani na alikuwa na umri gani, hata kwa kukisia, kabla ya kuvunja ungo au baada. Bibi Asumini aulizwe yeye mwenyewe, asisemewe. Kama kuna mtoto yeyote aliyevimba kwa chanjo, kwa jipu, kwa kutahiriwa, kwa hereni. Korosho mbichi za Mama, sio za kuchoma, meno yake hayawezi. Kanga moja ya kubebea, laini, iliyofuliwa sana.

Na majina ya zile nembo za tumboni, mstari kwa mstari, kuanzia juu, kama bibi anavyoyaita. Dokta hakuyaomba. Nayataka mimi, nimtajie Nuru.